Nasaba Bila Jina la Ukoo: Kutoka Amsterdam Mpya hadi Kayna

Mwanafunzi wa historia anayetaka kujua jinsi nasaba inavyotafutwa hupewa mara nyingi mifano ya Ulaya, ambako jina la ukoo hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama shamba la urithi. Makala haya yanadai kwamba kwa mtafiti wa milima ya Lubero mfano huo unapotosha. Upo mwingine unaofaa zaidi, nao unatoka mahali pasipotazamiwa: familia za Waholanzi waliohamia Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17. Wengi wao nao hawakuwa na jina la ukoo.

Kuanzia mwaka 1624 Kampuni ya Uholanzi ya West India ilipeleka walowezi katika koloni iliyoitwa Nieuw Nederland, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Amsterdam Mpya, yaani New York ya leo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake. Jan mwana wa Pieter alikuwa Jan Pietersen. Mwanawe Hendrik hakuwa Pietersen tena, alikuwa Hendrik Jansen. Jina lilikufa na kuzaliwa upya kila kizazi. Mfano ujulikanao zaidi ni wa Claes Maartenszen van Rosenvelt, ambaye jina lake lasema tu kwamba yeye ni Claes, mwana wa Maarten, mtu wa Rosenvelt. Mwanawe Nicholas, aliyebatizwa mwaka 1658, ndiye aliyeshika jina la Roosevelt, na kutoka kwa wana wawili wa Nicholas, Johannes na Jacobus, wakatoka marais wawili wa Marekani, Theodore na Franklin. Nyuma ya Claes njia inafifia, na asili yake huko Uholanzi ingali inabishaniwa. Ukoo huo mkubwa, basi, unajulikana vizuri tangu jina lilipotulia. Kabla ya hapo unategemea ushahidi wa namna nyingine.

Ushahidi huo ni madaftari ya kanisa. Ubatizo wa Amsterdam Mpya umeandikwa katika daftari lililosalia tangu 1639, na thamani yake kwa mtafiti haimo katika jina la mtoto peke yake. Pale mama anapotajwa, ameandikwa kwa jina la baba yake mwenyewe, wala hakumezwa na jina la mume. Mashahidi wa ubatizo nao mara nyingi walikuwa babu, shangazi au wajomba. Desturi ya kumpa mtoto jina la babu au bibi yake huongeza kiungo kingine. Mtafiti mwenye subira huzikusanya familia kwa kutazama pembeni, kwa ndugu, mashemeji na mashahidi, kabla ya kuthubutu kupanda juu. Baada ya Waingereza kuitwaa koloni mwaka 1664, majina yalianza polepole kuganda kwa desturi yao, na ilitokea ndugu wa baba mmoja wakaganda katika majina tofauti. Anayefuata jina tu huwapoteza nusu ya jamaa na kuokota wageni.

Katika mji huohuo palikuwa na watu wengine ambao majina yao yaliandikwa na mkono wa mwingine. Mnamo Februari 1644 gavana Willem Kieft na baraza lake waliwapa watumwa 11 wa Kampuni uhuru wa nusu, kwa sharti la kulipa kodi kila mwaka, huku Kampuni ikijiwekea haki juu ya watoto wao, waliokwisha kuzaliwa na watakaozaliwa. Miongoni mwao walikuwamo Paulo Angola na Simon Congo. Kongo hiyo ni ya pwani ya Atlantiki, mbali sana na Kivu, na msomaji asije akajidanganya kwa kufanana kwa maneno. Lakini funzo la kitaalamu linabaki: jina la Simon linatueleza kile ambacho karani alikijua, yaani upande wa dunia alikotolewa. Halitupi mama yake, wala wangapi walizaliwa kabla yake.

Sasa tuje Kayna, kusini ya wilaya ya Lubero, katika uchifu wa Batangi, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Kanyabayonga kwenda Butembo. Hapa jina la kuzaliwa linatueleza jambo hilohilo ambalo jina la Simon linalificha. Miongoni mwa Wanande mtoto huitwa kwa nafasi yake katika uzao. Kwa wavulana Paluku hushika nafasi ya kwanza, Kambale ya pili, Kasereka ya tatu, Kakule ya nne, kisha wanafuata kina Katembo na Mbusa. Kwa wasichana anatangulia Masika, halafu Kavira, Kavugho, Kahambu na Katungu. Yako majina mengine ya nafasi hizo, na yako ya matukio, kama Muhindo na Kahindo, yanayoarifu kwamba mfululizo wa wavulana au wa wasichana umegeuka. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonzo wa Uganda, tunakuta Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Biira. Mpaka wa Waingereza na Wabelgiji uliokatwa katika Rwenzori mwaka 1910 umeukuta utaratibu huu uko pande zote mbili, na hilo lenyewe ni hati ya historia.

La kuzingatia sana ni kwamba hesabu hiyo ni ya uzao wa mama. Mume mwenye wake watatu aweza kuwa na kina Paluku watatu, kila mmoja wa kwanza katika nyumba yake. Kwa hiyo mtu akisema, "Mimi ni Kasereka," ametaja mama na ndugu waliomtangulia kabla hajamtaja baba. Mtafiti aliyezoea nasaba za pwani, zinazopanda kwa bin na binti hadi Shirazi au Hadhramaut, ataliona hilo kuwa pengo. Mimi naliona kuwa ngazi iliyolazwa. Inabebeka, ila haisimami mpaka ipatiwe mahali pa kuegemea: kilima, jina la mama, jina la ukoo wa mama.

Karani hakuwa na safu ya kuandika kilima. Mapadre wa Assomption, waliofika Beni mwaka 1929, walileta daftari la ubatizo lenye jina la Kikristo, baba, mama na msimamizi. Mwaka 1972 siasa ya uhalisi ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo na kudai majina ya asili. Mtu aliyekuwa Jean Kambale akalazimika kutafuta jina la pili la kuongezea, na wengi walichukua la baba au la babu. Hivyo nafasi ya uzao ya mtu mmoja ikageuka kuwa alama ya wajukuu wake, na leo unaweza kukutana na mtu aitwaye Paluku kwenye hati ilhali nyumbani yeye ni wa nne. Ndugu wawili wa tumbo moja huonekana katika daftari kama watu wasiohusiana; watu wawili wasiohusiana hufanana herufi kwa herufi. Ndiyo hali ileile ya Amsterdam Mpya baada ya 1664, isipokuwa kwamba kwetu wengi wa walioshuhudia kuganda kwa jina wangali hai na wanaweza kuulizwa.

Kuulizwa huko si anasa ya wasomi. Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 iliwaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Shamba la kilimani hugawanywa kwa kuthibitisha nani ni mtoto wa nani. Katika uchifu mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa utawala wa kikoloni, kwa amri za 1910 na 1933, uliwatambua machifu kwa maandishi na kwa hiyo ulitaka nasaba zilizonyooka. Randall Packard, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu Bashu, alionyesha jinsi masimulizi ya machifu yalivyofungamana na ushindani wa madaraka. Orodha ya machifu iliyoandikwa wakati wa ukoloni lazima isomwe kwanza kama hoja ya upande mmoja.

Mfano mkali kuliko yote ni sheria ya uraia ya 1981, iliyoufungamanisha uraia na kabila lililokuwako katika nchi tarehe 1 Agosti 1885. Ni nani katika Kivu, wa asili yoyote ile, angetoa karatasi ya mwaka 1885, wakati dola lenyewe halijafika huko? Sheria hiyo ilidai kutoka kwa kumbukumbu ya mdomo kitu ambacho maandishi tu yangeweza kutoa, na walioumizwa zaidi ni watu wa asili ya Rwanda. Sheria ya 2004 ilisogeza tarehe hadi uhuru wa 1960, ambako walau madaftari yapo.

Yapo pale yaliponusurika. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, kisha Kayna na Kirumba, na watu kwa maelfu walikimbilia kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Mzee aliyehama ameacha kilima kilichokuwa egemeo la ngazi yake. Kwa mwanafunzi atakayekaa naye katika ua wa wenyeji wake, na daftari mkononi, napendekeza asianze na jina la babu. Aulize mama wa mzee alizaa mara ngapi, aandike wote kwa mpangilio, pamoja na waliokufa wachanga, kwani nao walichukua nafasi na majina. Kisha kwa kila mmoja aulize alizaliwa wapi, na ni nani aliyekuwa msimamizi wa ubatizo wake. Baba aulizwe baada ya hapo. Na karatasi ziwe mbili, moja abaki nayo mzee.