Nyota Zilizopima Inchi ya Moba



Habari za nyota zinazotembea, ambazo vitabu vyetu vinaziita planeti, twazifundisha mara nyingi kama jambo la mbali sana, lisilogusa shamba wala ziwa. Mtoto anakariri majina manane, anapata alama zake, kisha anasahau. Lakini ye yote anayechunguza historia ya pwani hii ya Tanganyika ataona jambo la kushangaza: karta ya inchi yetu, na hata mpaka wa kusini wa teritware ya Moba, vilitafutwa kwanza mbinguni. Tumeona vema kueleza historia hiyo, kwa maana mapadri, waseminari na walimu wa dini huulizwa na watu habari za mpaka na habari za nyota, na haifai wajibu kwa kubahatisha.

I. Mbingu ya wazee

Tusifikiri kwamba watu wa Marungu walingoja wageni ili wainue macho. Mkulima alihitaji kujua wakati wa kutayarisha shamba, na mvuvi alihitaji kujua usiku wa kutoka na mtumbwi. Kundi la nyota ndogo linaloitwa Kilimia latoa jina lake katika neno kulima. Linapoanza kuonekana upande wa mashariki mara giza likiingia, mvua za kwanza zimekwisha kufika na jembe haliwezi kulala tena.

Kwa watu wa ziwa, mwezi ndio bwana wa kazi. Ndakala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake watawanya samaki, na nyavu zinapumzika. Mvuvi asiyejua kuhesabu siku za mwezi atapoteza nguvu zake bure.

Tena Watabwa waliuandika mwezi kwa mikono yao. Katika mikeka, katika sanamu za mti na katika chale za mwili twakuta safu za pembetatu zinazoitwa balamwezi, maana yake ni kuchomoza kwa mwezi mpya. Kwao mwezi unaorudi baada ya giza ulikuwa mafundisho juu ya maisha: giza halidumu, na mwanga hauji bila kupita gizani. Na kwa Wabantu wengi nyota kubwa ya jioni ilikuwa mke wa mwezi. Nyota hiyo ndiyo planeti Venus. Basi wazee walikuwa wametambua kwamba haifanani na nyota nyingine, kwa kuwa inahama na kurudi.

II. Majina yaliyopita Ujiji

Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani ya bahari walifika Ujiji, wakavuka ziwa mpaka Mtowa. Walileta nguo na bunduki, wakachukua pembe na watumwa. Uchungu wa biashara hiyo haujasahauliwa katika Marungu. Lakini pamoja nao ilikuja lugha ya Kiswahili, na ndani yake majina ya planeti yaliyotoka kwa Waarabu: Utaridi kwa Mercurius, Zuhura kwa Venus, Mirihi kwa Mars, Mshtarii kwa Jupiter, Zohali kwa Saturnus. Hizo tano ndizo zinazoonekana vizuri kwa macho matupu. Uranus ilitambuliwa kuwa planeti mwaka 1781, na Neptunus ilionekana mwaka 1846, zote mbili kwa darubini. Pamoja na dunia yetu, hesabu yatimia nane. Vitabu vya zamani vinataja tisa, kwa sababu Pluto, iliyovumbuliwa mwaka 1930, ilihesabiwa pamoja nazo mpaka mkutano wa wataalamu wa nyota ulipoiweka kati ya planeti ndogo mwaka 2006. Mwalimu anayetumia kitabu cha zamani asahihishe jambo hilo.

III. Wageni wenye saa na sekstanti

Baada ya wafanya biashara walikuja wasafiri wa Ulaya. Burton na Speke waliliona ziwa mwaka 1858. Livingstone alifika ncha yake ya kusini mwaka 1867, na mwaka 1869 akavuka mpaka Ujiji, akiwa mgonjwa sana. Mwaka 1874 Cameron, ofisa wa merikebu za Uingereza, alizunguka sehemu ya kusini kwa mtumbwi, akaona mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Tangu mwaka 1878 Hore, nahodha aliyetumwa na misioni ya Waprotestanti wa London, alilipima ziwa na kuchora karta yake.

Watu hao walikuwa na desturi moja iliyowashangaza wenyeji: walitazama jua saa sita, na usiku walitazama nyota, kisha wakaandika hesabu. Walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakitafuta mambo mawili. La kwanza ni latitudi, maana yake umbali wa pahali toka mstari wa katikati wa dunia, kusini au kaskazini. La pili ni longitudi, maana yake umbali wake kwa upande wa mashariki au wa magharibi.

Latitudi si ngumu. Moba iko karibu degre 7 kusini. Tarehe 21 mwezi wa tatu jua husimama juu ya mstari wa katikati wa dunia. Msomaji asimike siku hiyo fimbo ya meta moja, wima, mahali pa tambarare, angoje mpaka kivuli kiwe kifupi kuliko saa zote. Katika Moba atapata kivuli cha sentimeta 12 hivi, kinachoelekea kusini. Kivuli hicho kidogo ndicho degre 7. Walimu wetu wanaweza kufanya jambo hilo pamoja na watoto bila kununua kitu.

Longitudi yahitaji saa. Dunia yazunguka degre 360 kwa saa 24, ndiyo degre 15 kwa saa moja. Moba iko karibu na degre 30 mashariki. Basi jua lafika katikati ya mbingu kwetu saa mbili mbele ya Greenwich, kule Uingereza. Lakini msafiri wa zamani angejuaje wakati wa Greenwich, akiwa Marungu, na saa yake imelowa maji au imeanguka pamoja na mzigo wa mpagazi? Hapo planeti Jupiter ilimsaidia. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1610 Galileo aliona kwa darubini kwamba Jupiter ina miezi minne. Miezi hiyo huingia katika kivuli cha Jupiter na kutoka tena, kwa wakati unaoweza kuhesabiwa mbele na kuandikwa kitabuni. Mtu akiuona mwezi mmoja ukizimika, anaandika saa ya pahali alipo, anafungua kitabu na kuona saa ya Greenwich, kisha anatoa tofauti. Saa mbili ni degre 30. Hivyo planeti ilikuwa saa isiyoweza kuanguka wala kulowa.

IV. Mstari wa degre nane

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tarehe 1 mwezi wa nane 1885, Dola Huru ya Congo ilipotangaza mipaka yake, ilitaja mstari mnyofu toka Tanganyika mpaka ziwa Moero, kwa degre 8 na dakika 30 kusini. Tarehe 12 mwezi wa tano 1894, Uingereza na Dola hiyo walifanya mapatano mengine: mpaka uanze kwenye rasi Akalunga, kaskazini ya ghuba ya Cameron, karibu degre 8 na dakika 15, uende moja kwa moja mpaka pahali mto Luapula unapotoka Moero. Ghuba hiyo inaitwa kwa jina la yule aliyepita kwa mtumbwi miaka 20 mbele. Mtu mmoja alipita akipima. Wakubwa waliobaki Ulaya walitumia karta kugawa.

Tofauti ya dakika 15 ni ndogo mno kwa macho. Ile fimbo yetu ya meta moja, katika siku ile ya mwezi wa tatu, itaonyesha vivuli viwili visivyoachana hata nusu sentimeta. Lakini juu ya udongo ni kilometa 28 hivi, na ndani ya kilometa hizo mna vijiji, mashamba, makaburi na mahali pa kuvulia samaki. Tena tuangalie neno “karibu”. Rasi ni kitu kinachoonekana na kushikwa kwa mkono. Lakini hesabu inayosema “karibu” yaacha mlango wazi kwa ugomvi.

Mstari huo ulipita katikati ya Watabwa. Wengine wakawa watu wa Congo, wengine wakawa watu wa inchi inayoitwa leo Zambia, kule Kaputa. Wafalme wa inchi hawakuulizwa. Mwaka 1898 tu ndipo kapiteni Charles Lemaire, Mbelgiji, alipofika na wataalamu wake, akaanza kupima kwa nyota pwani yetu toka Moliro mpaka Mtowa, kisha akaendelea katika Katanga mpaka mwaka 1900. Msomaji aone utaratibu wa mambo: mpaka uliandikwa kwanza, mapimo ya taratibu yakafuata.

Je, ni habari ya kale iliyokwisha? Sivyo. Mwaka 2020 majeshi ya Zambia yaliingia katika vijiji vya mpakani vya teritware ya Moba. Watu walikimbia nyumba zao, na inchi za SADC zikaingia kati kupatanisha. Wale waliokimbia hawakuwa na habari na Jupiter wala sekstanti. Lakini walilipa deni la hesabu iliyoandikwa bila wao.

V. Elimu ya mbingu katika Kanisa la Kirungu

Kituo cha Mpala kilianzishwa na Storms mwaka 1883, na mwaka 1885 Mapadri Weupe wakakipokea. Mwaka 1893 Monsinyori Roelens alianzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Moba-Kirungu ya leo. Seminari ndogo ilifunguliwa Mpala, na katika Baudouinville ndiko Stefano Kaoze alikopata upadri, tarehe 21 mwezi wa saba 1917, akiwa wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi.

Pengine mtu atasema: seminari yafundisha teolojia, yahusu nini na nyota? Afungue Breviari ya Kilatini waliyoisali mapadri wa wakati ule. Katika kurasa za mwanzo atakuta hesabu ya mwaka: hesabu ya dhahabu, epakta, herufi ya Jumapili. Zote ni hesabu za jua na mwezi, kwa kuwa Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, toka tarehe 21 mwezi wa tatu. Na Martirolojia ilipotangazwa, ilitaja kila siku umri wa mwezi. Hivyo katika kilima cha Kirungu mambo mawili yalikutana: mvuvi aliyehesabu mwezi juu ya ndakala, na padri aliyeuhesabu juu ya Pasaka. Ni mwezi mmoja.

Kanisa lenyewe lilisahihisha kalenda mwaka 1582, wakati wa Papa Gregori XIII, na Padri Clavius, Myezuiti, alikuwa mmoja wa wenye hesabu hiyo. Copernicus, aliyeandika kwamba dunia yalizunguka jua, alikuwa kanoni. Padri Piazzi wa Palermo ndiye aliyevumbua Ceres, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1801. Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimhukumu Galileo, yule yule ambaye miezi yake ya Jupiter ilikuja kuwa saa ya wasafiri. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri wazi kwamba waamuzi wa wakati ule walikosea. Kwetu sisi tunaofundisha hayo ni maonyo: Maandiko Matakatifu yatupa njia ya wokovu, hayakuandikwa yawe kitabu cha kupima nyota.

VI. Kazi inayotungoja

Katika historia hii twaona mbingu moja ikisomwa na watu wengi. Mkulima aliisoma apate chakula, msafiri asipotee, padri apate siku ya Pasaka, na mwenye kutawala alitumia masomo ya wengine apate inchi. Elimu yenyewe haikuwa na kosa. Hatari ilikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa na kalamu na hesabu, na upande mwingine ulikuwa na kumbukumbu tu.

Kwa hiyo twawaomba waseminari mambo mawili. Kwanza, wasidharau somo la planeti na la hesabu. Siku tume ya mpaka itakapokaa tena, yafaa mtoto wa Moba awe mezani, ajue degre na dakika ni kitu gani, aweze kuwaeleza wazee wa kijiji kinachosemwa. Pili, wakati wa likizo wakae karibu na wavuvi na wakulima wazee, waandike majina ya nyota katika lugha za kwetu, miezi ya mwaka, na mipaka ya kale ya vijiji: mto gani, mlima gani, mti gani. Abbé Kaoze alitupa mfano, kwa maana alishika kalamu kuandika mawazo na habari za watu wake wakati wengi walidhani kwamba hazistahili karatasi.

Mzee akifa na majina hayo kichwani, hakuna darubini itakayoyarudisha. Daftari na kalamu vyatosha kuanza, na likizo haiko mbali.