Kumtazama Mzee Ojwang' tena

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze juu ya kipindi cha zamani cha runinga, ingawa safari yetu itaishia kwenye tarakilishi kama kawaida.

Mliokua Kenya miaka ya themanini na tisini mnakikumbuka Vitimbi. Kilikuwa kipindi cha vichekesho cha KBC, shirika ambalo hadi 1989 liliitwa Sauti ya Kenya. Kabla KTN haijaanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Hapakuwa na la kuchagua, kwa hiyo kichekesho kimoja kilichekewa Kisumu, Nairobi na Malindi kwa wakati mmoja.

Sisi Malindi tulikitazama kwa jirani. Televisheni ya nyeusi na nyeupe, betri ya gari, na antena juu ya boriti ya mkandaa. Kijana mmoja yuko nje anazungusha boriti, walio ndani wanapiga kelele: "Hapo hapo! Aa, umepitisha, rudisha!" Nilipokua ndipo nilipojua kwamba kutoka Ngomeni, kaskazini kidogo mwa mji wetu, Waitalia walirusha satelaiti ya NASA iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksrei kutoka angani. Satelaiti zilipanda juu kwetu, nasi tukabaki kuzungusha boriti!

Nyota wa Vitimbi alikuwa Mzee Ojwang' Hatari, pamoja na Mama Kayai, mkewe wa kwenye runinga. Mzee alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Lugha hiyo haina sauti ya "sh", basi shida huwa "sida" na shamba huwa "samba". Sisi watoto wa pwani, tuliozaliwa ndani ya Kiswahili, tulicheka hadi machozi.

Darasani tulikuwa na mwenzetu ambaye babake alitoka Nyanza kuja kufanya kazi hotelini. Tulimbandika jina Ojwang'. Kila akifungua mdomo tulimrudishia neno lake jinsi alivyolitamka. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa hanyanyui tena mkono kujibu swali, hata la hesabu, na hesabu alitushinda sote. Kwa zaidi ya miaka ishirini sikumfikiria.

Mwezi uliopita niliketi na vipindi vya zamani kwenye YouTube. Picha zimefifia, sauti inakwaruza, lakini bado nilicheka. Safari hii niliona jambo ambalo utotoni lilinipita. Ucheshi wa mzee yule kwa sehemu kubwa uko usoni, na katika kile kimya kifupi kabla hajajibu. Hata ukiondoa lafudhi, utacheka.

Tena mzee mwenyewe hakuwa Mjaluo. Jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, na hawakuwa mke na mume, ingawa Wakenya wengi waliapa kwamba ni kweli. Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015, mwaka uleule ambao Kenya ilizima mitambo ya televisheni ya analogi na antena zetu zikageuka vyuma chakavu.

Kwa hiyo lafudhi tuliyomchapia mwenzetu ilikuwa kazi ya msanii aliyewasikiliza majirani zake kwa makini. Sisi tulichukua kazi hiyo tukaifanya fimbo. Uchungu wake niliuonja nilipokwenda Nairobi kusomea utayarishaji wa programu. Nikisema sentensi moja, ofisi nzima inaangua kicheko: "Hebu sema tena, mtu wa pwani!" Nami nikajifunza kunyamaza kwenye mikutano.

Sasa tuje kwenye tarakilishi. Nilichukua dakika kumi za sauti ya Vitimbi nikaipa programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Taarifa ya habari iliyosomwa kwa Kiswahili sanifu ilikuwa imeiandika vizuri. Kwa Mzee Ojwang' ilianza kubahatisha. Sababu si ya ajabu: programu hizi hujifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa, na zikilishwa sauti za aina moja, zitaelewa watu wa aina moja. Ndiyo maana miradi kama Common Voice ya Mozilla, iliyoanza 2017, hukusanya sauti za watu wa kawaida, Kiswahili kikiwemo.

Kenya, wanaojifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama ni wengi kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Mashine isiyowaelewa itawafanyia katika simu, benki na hospitali yaleyale tuliyomfanyia mwenzetu darasani: itawaambia warudie, warudie tena, mpaka wanyamaze.

Nimeanza kurekodi sentensi zangu kwa lafudhi yangu ya Malindi, bila kuipiga pasi. Nambari ya yule mwenzetu pia nimeipata, kupitia kwa dadake. Iko kwenye simu yangu wiki ya pili sasa. Nikipata la kumwambia baada ya salamu, nitapiga.

Mpaka wakati mwingine.