Isale: Kutoka Mpaka wa Kihamba hadi Chungu cha Sebuleni

Katika miteremko ya Kilimanjaro, isale (wingi: masale) hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake hupelekwa na anayeomba msamaha kwa aliyemkosea. Wataalamu wa mimea huuita mmea huo Dracaena fragrans, ingawa katika matumizi ya wenyeji jina isale hujumuisha pia spishi za karibu zenye umbo linalofanana nao. Makala haya yanafuatilia safari ya mmea huo hadi kwenye vyungu vya mapambo, kwa hoja kwamba kilichopotea njiani ni jina na, pamoja na jina, kazi yake ya ushahidi.

Linnaeus aliuandika mwaka 1762 kwa jina Aletris fragrans. Mwaka 1808 Ker Gawler akauhamishia katika jenasi Dracaena, neno litokanalo na Kigiriki lenye maana ya joka jike. Neno fragrans lasifu harufu ya maua, jambo la ajabu kidogo kwa mmea uliokuja kupendwa kwa majani. Watunza bustani waliteua aina za rangi, hasa Massangeana, yenye mstari mpana wa manjano katikati ya jani. Leo mashina yake hukatwa bila mizizi nchini Kosta Rika na kusafirishwa hadi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako huuzwa kwa jina linaloufananisha na mhindi.

Kinachomfaa mfanyabiashara ndicho kilichomfaa mwenye kihamba. Kipande cha shina kikichomekwa ardhini huchipua. Kikikatwa juu hutoa machipukizi ubavuni. Kwa hiyo mstari wa masale huweza kudumu kuliko aliyeupanda, na anayehamisha mpaka usiku huacha mashina machanga yanayomsuta. Chunguni, jua kali huunguza majani, giza hufifisha mstari wa manjano, na mizizi inayolowa daima huoza. Si ajabu kwamba mmea uliozoea kivuli cha migomba umeizoea sebule.

Waganda huuita oluwaanyi, na kwao pia hupandwa mipakani. Katika Kiswahili cha mijini, hata hivyo, mmea huohuo kwenye vitalu vya kando ya barabara huingizwa katika fungu la "maua", hata usipokuwa na ua hata moja.

Suala hili si la kamusi pekee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ya Tanzania inatambua haki za kimila za kumiliki ardhi. Mzee akisema mbele ya baraza la ardhi la kijiji kwamba mpaka ni masale, na karani akaandika "maua", shahidi amegeuzwa pambo. Fomu za uhakiki wa mipaka zinahitaji neno isale lenyewe, likiwa na maelezo ya nani alipanda, lini, na mbele ya majirani gani.