Sprei ya Pilipili kama Kifaa cha Kujihami: Ngomeni na Pwani ya Kilifi

Sprei ya pilipili ni kopo dogo la metali lenye mafuta ya pilipili yaliyochanganywa na kiyeyushi na kushindiliwa pamoja na gesi. Likibonyezwa hurusha mchirizi au ukungu wa kumfumba macho mtu au mnyama kwa muda. Hubebwa mkobani au huning'inizwa kwenye funguo, na huuzwa kwa ahadi moja, kwamba mnyonge akilibonyeza, mwenye nguvu atasalimu amri. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila imevutwa kupita urefu wake. Kopo hili hufanya kazi vizuri sana katika hali chache: mshambulizi anaonekana akija, yuko hatua tatu au nne mbele, upepo uko mgongoni mwa mtumiaji, na pana mahali pa kukimbilia. Hali moja ikikosekana thamani yake hushuka mara moja. Katika kijiji kama Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kilichokaa kwenye ulimi wa mchanga kati ya mikoko na bahari ya wazi, hali hizo hazikutani mara nyingi kama muuzaji anavyodokeza.

Kinachouma ni kapsaisini, kemikali ileile iliyomo katika pilipili ya jikoni. Mpishi wa pwani aliyekata pilipili mbuzi ya kachumbari, akanawa kwa haraka, kisha akajisahau akafikicha jicho, ameshaonja dozi ndogo ya silaha hii, na ameshajifunza kwamba maji peke yake hayaitoi, kwa sababu kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko San Francisco ilitambua kipokezi cha TRPV1 kilichomo katika neva, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuhisi joto la kuunguza. Kapsaisini hukifungua bila moto wowote kuwapo. Kwa ugunduzi huo Julius alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Jicho lililopuliziwa kwa kawaida halijaungua, ila ubongo umeambiwa linaungua, na kope hujifunga zenyewe. Maumivu makali hudumu kama nusu saa au zaidi kidogo, kisha hupungua. Ndege hawahisi ukali huo, ndiyo maana hudonoa pilipili kichaa kwa raha zao na kutawanya mbegu zake. Fikra ya kutumia pilipili kumtesa mtu ni ya zamani kuliko kopo lenyewe. Kodeksi ya Mendoza, iliyochorwa Meksiko katika karne ya 16, inaonyesha baba akimwadhibu mwanawe kwa kumshikilia juu ya moshi wa pilipili. Wakati huo zao hilo lilikuwa bado geni pwani yetu. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, pilipili iliyojulikana hapa ilikuwa pilipili manga. Ile nyingine ilivuka Atlantiki baadaye ikarithi jina.

Ushahidi ulio safi zaidi juu ya nguvu ya sprei hii hautoki kwa watu, unatoka kwa dubu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulipitia matukio 83 ya Alaska, ya mwaka 1985 hadi 2006, ambamo watu walitumia makopo ya pilipili dhidi ya dubu. Kwa dubu wa kahawia, kopo lilikomesha tabia ya hatari katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya watu waliohusika walitoka bila jeraha. Takwimu hizo hupenda kunukuliwa na wauzaji wa makopo ya mkobani, na hapo ndipo msomaji anapaswa kusimama kidogo. Kopo la dubu ni kubwa, hurusha wingu umbali wa mita saba hadi tisa. La mkobani hufika mita tatu, na hata hizo ni za siku tulivu. Isitoshe, dubu hapangi. Haji na mwenzake wa kuzunguka nyuma, hajifuniki uso kwa leso, wala hajui kwamba kilichomo mkononi mwako ni nini. Kwa upande wa binadamu, sehemu kubwa ya tunachokijua imetoka kwa polisi wa Marekani, na chanzo hicho nacho hakikuanza na mikono misafi: mtaalamu wa FBI ambaye utafiti wake ndio uliowashawishi polisi wengi kuanza kuitumia alikiri mahakamani mwaka 1996 kwamba alipokea dola 57,500 kutoka kwa mtengenezaji. Tafiti za baadaye zisizo na doa hilo bado zimeonyesha kwamba majeraha hupungua kwa polisi na kwa washukiwa pia pale kopo linapotangulia rungu. Basi kifaa kinafanya kazi. Lakini polisi huja wawili wawili, wana redio, wamefunzwa, nao ndio wanaoamua saa ya kukabiliana. Anayejihami njiani hana hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa tukirudi Ngomeni, neno la kwanza ni upepo. Kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba huvuma kusi, na kuanzia Novemba hadi Machi huvuma kaskazi, na zote mbili hufika kijijini zikitoka upande wa bahari. Anayetoka barabara kuu ya Malindi–Garsen pale Gongoni akaelekea Ngomeni, kupita karibu na mashamba ya chumvi yasiyo na mti wa kukinga, upepo humjia usoni au ubavuni karibu njia nzima. Akimpulizia mtu aliyesimama mbele yake, ukungu humrudia mwenyewe. Anayetoka kijijini kwenda Gongoni ndiye mwenye upepo mgongoni, na njia ni ileile. Mvuvi haambiwi jambo hili: hata maji machafu ya jahazi humwagwa demani, hayamwagwi joshini. Kopo nalo linataka mtumiaji asimame joshini na adui awe demani, sharti ambalo mtu aliyevamiwa gizani hana nafasi ya kulitimiza. Kwenye matukio ya Alaska upepo uliingilia kati katika asilimia 7 tu, nao ulishindwa kulizuia wingu kubwa la kopo la dubu lisifike. Ukungu mdogo wa mkobani katikati ya kusi ya Julai ni habari nyingine. Makopo yanayorusha mchirizi mzito au jeli hustahimili upepo kuliko yale ya ukungu, lakini yanadai shabaha, na shabaha ya mkono unaotetemeka ni mtihani. Kuna wakati mmoja ambapo Ngomeni inalipendelea kopo. Alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi, kusi ikilegea umande huvuma taratibu kutoka bara, na ndiyo saa mama karanga, wanawake wakaanga samaki, wanateremka ufuoni na ndoo zao kungoja mashua. Hewa imetulia, njia ni fupi, na nyumba za watu ziko umbali wa ukelele. Mbwa wakali wanaorandaranda saa hizo ni adui ambaye kopo humfaa kweli. Huko Marekani wapeleka barua wamebeba sprei ya pilipili kwa ajili ya mbwa tangu miaka ya 1960. Lakini kopo lenyewe linataka kutunzwa. Hewa ya chumvi hula kifuniko na springi ya kibonyezo, gesi huvuja polepole, na joto la kwenye dashibodi ya matatu mchana linaweza kulipasua. Kopo lililokaa miaka minne mkobani pwani huenda likatoa mate tu.

Neno la pili ni zito kuliko upepo, nalo ni mtu mwenyewe. Sprei imebuniwa kwa ajili ya mgeni anayekuja kutoka mbele. Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Kwa walioolewa au waliowahi kuolewa, anayetajwa zaidi kuwa ndiye mtendaji ni mume, wa sasa au wa zamani. Mtu huyo hatoki vichakani. Yuko upande wa pili wa kitanda, anajua kopo limewekwa wapi, na chumba kina watoto waliolala mkekani ambao watavuta hewa ileile. Kupuliza pilipili ndani ya chumba kidogo ni kuwapulizia wote waliomo, na aliyepuliza kwanza. Hali iko vivyo hivyo kwa janga jingine ambalo kaunti ya Kilifi inalifahamu kwa uchungu, la wazee kuuawa kwa tuhuma za uchawi, tuhuma ambazo mara nyingi zimefunika ugomvi wa shamba. Wauaji huja usiku, na panga, na mara nyingi ni jamaa au watu waliotumwa na jamaa. Mzee wa miaka sabini aliyeamshwa usingizini hana umbali, hana mwanga, hana pa kukimbilia. Kilichowasaidia baadhi yao ni hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze, yaani watu na mahali.

Atasema mtu: hata kama ni kwa hatari chache, kuna ubaya gani kuwa nacho? Hoja hii ina uzito, nami sioni kwamba inajibika kwa dharau. Wanaodai kopo litanyang'anywa na kumgeukia mwenyewe wanasahau kwamba hata kisu hunyang'anywa, na aliyepuliziwa pilipili huamka kesho. Wanaoliogopa kama sumu nao wanajibiwa kwa sehemu: ripoti ya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani ya mwaka 2003 ilichunguza vifo 63 vya watu waliokuwa wamepuliziwa na polisi, ikaona pilipili ilichangia katika viwili, na wote wawili walikuwa na pumu. Si kitu cha kuchezea, ila kati ya pilipili na panga, sheria na dini na akili zote zingechagua pilipili. Hatari ambayo wengi hawaifikirii ni ya aina nyingine. Nchini mwetu ukelele wa "mwizi!" huita umati kabla ya kuita askari, na mtu aliyefumbwa macho kwa nusu saa mbele ya umati hawezi kujieleza wala kukimbia. Aliyepuliza kwa kudhani tu anaweza kuwa amemtoa mtu roho kwa mikono ya wengine. Kwa madhara ya kopo lenyewe, subira inatosha: mwaka 2008 watafiti waliwapaka pilipili watu 49 wa kujitolea wakalinganisha maji, maziwa, shampuu ya watoto, dawa ya kiungulia na jeli ya ganzi, na hakuna hata kimoja kilichoshinda kingine. Kilichopoza kilikuwa muda.

Maoni yangu ni kwamba anayenunua kopo bila kununua mazoezi amenunua nusu. Huko Nairobi, katika mitaa ya mabanda, wasichana waliofunzwa kusema hapana kwa sauti, kujinasua na kukimbia walifuatiliwa na watafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha waliodhulumiwa kingono kwa mwaka wakishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2, na wengi wa wadhulumu walikuwa wapenzi wao, watu ambao mtu hafikirii kwanza kuwapulizia. Mafunzo hayo hayaozi kwa chumvi wala hayarudishwi na kusi.

Linabaki suala la sheria, nalo ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu nguvu ya kujihami kwa misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza: iwe ya lazima, ilingane na hatari, ikome hatari ikikoma. Kumpulizia aliyekwisha kuanguka ni kosa. Lakini kabla ya kufika hapo, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, katika lugha iliyorithiwa kutoka Uingereza, inahesabu kuwa silaha kifaa chochote kilichoundwa kurusha majimaji au gesi yenye madhara. Uingereza yenyewe hufuata lugha hiyo hadi mwisho, na kubeba kopo huko ni kosa zito. Kanada imekataza la watu ikaruhusu la dubu. Nchini Kenya kopo huuzwa waziwazi mijini huku maneno ya sheria yakibaki vitabuni. Bunge lingefaa kutamka wazi ukubwa wa kopo, nguvu yake na umri wa anayelinunua. Mpaka litamke, mama karanga anayelibeba alfajiri kwenda ufuoni amejikinga na mbwa, na pengine na mgeni, lakini hajajikinga na askari atakayempekua mkoba.