Cooper: Gereji ya Surbiton Iliyohamisha Injini Nyuma ya Dereva

Shabiki wa Formula 1 anayeishi Al Khuwair, hapa Muscat, hahitaji tena kwenda Ulaya kuyaona magari hayo kwa macho yake. Bahrain ilianza kuandaa mbio zake mwaka 2004, Abu Dhabi ikafuata 2009, kisha Qatar na Saudi Arabia zikaingia mwaka mmoja, 2021. Uwanja wa Yas Marina huko Abu Dhabi unafikika kwa barabara: ukiondoka Muscat alfajiri, mchana uko huko. Wasiosafiri hukaa mikahawani, Kiarabu na Kiswahili cha Unguja vikipishana meza moja, na ubishi hauishi: Ferrari au McLaren, Hamilton au Verstappen.

Jina moja halitajwi katika ubishi huo, nalo lilistahili kutangulia. Ni Cooper. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria Mini Cooper, kile kigari kifupi kilichoshinda Monte Carlo Rally miaka ya sitini. Lakini kabla ya Mini kuwapo, Cooper ilikuwa gereji ya baba na mwanawe huko Surbiton, kusini-magharibi mwa London. Humo ndimo lilimotoka gari la kiti kimoja lenye injini nyuma ya dereva, lililowalazimisha matajiri wa mbio waandike upya michoro yao. Kila gari la Formula 1 linalokimbia Ghuba leo limefuata mpangilio huo.

Baba, Charles Cooper, alikuwa fundi wa magari ya mbio tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtu mgumu wa kutoa fedha. Mwanawe John alizaliwa mwaka 1923. Vita vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya kila kitu: chuma kilikuwa adimu, petroli iligawiwa kwa mgawo, na kijana aliyetaka kushindana hakuwa na la kununua wala fedha ya kununulia. Ndipo baadhi ya mashabiki wakaja na wazo la mbio za bei nafuu: magari madogo yenye injini za pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 500.

Mwaka 1946 John na rafiki yake Eric Brandon wakaanza kuunda la kwao. Walichukua sehemu za mbele za magari mawili ya Fiat Topolino, moja wakaiacha mbele na ya pili wakaigeuza ikawa nyuma, wakaziunganisha kwa kuchomelea. Topolino lilikuwa na springi ya mabapa iliyolazwa kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kila gurudumu la mbele lilicheza peke yake. Kwa hiyo gari lao likapata magurudumu manne yanayojitegemea, jambo ambalo magari mengi ya bei kubwa ya zama zile hayakuwa nalo. Injini ilikuwa ya JAP, ya silinda moja, aina iliyotumika katika pikipiki za mashindano. Kazi yote ilichukua kama wiki tano.

Injini hiyo iliwekwa wapi? Pikipiki huzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Ukiiweka injini mbele ya dereva, itabidi mnyororo upite chini yake kwa urefu wote wa gari. Ukiiweka nyuma, karibu na magurudumu inayoyazungusha, mnyororo unakuwa mfupi na kazi imekwisha. John Cooper alisema waziwazi miaka ya baadaye kwamba hawakuwa na nadharia yoyote kubwa kichwani. Ilikuwa njia rahisi kwa vifaa walivyokuwa navyo.

Haki isemwe: Wajerumani wa Auto Union walikwisha weka injini nyuma ya dereva katika miaka ya thelathini, wakashinda sana. Ila magari yale yalikuwa makubwa, ya injini za silinda 16, yaliyofadhiliwa na dola, na yalikuwa magumu mno kuyaendesha. Vita vilipoyafuta, wataalamu wengi waliuona mpango wenyewe kuwa umekufa nayo. Enzo Ferrari alishikilia kwamba mnyama huvuta mkokoteni akiwa mbele, na si kuusukuma kwa nyuma.

Cooper hawakuwa na haja ya kujibizana naye. Waliuza. Stirling Moss alinunua Cooper 500 mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 18, na mbio hizo zilipotambuliwa rasmi kuwa Formula 3 mwaka 1950, gereji ya Surbiton ilikuwa ndiyo duka la kila kijana mwenye ndoto. Mwaka huo huo Harry Schell aliingiza Cooper yenye injini ya JAP ya silinda mbili katika Monaco Grand Prix, likawa gari la kwanza la injini ya nyuma katika mashindano ya dunia. Halikumaliza hata mzunguko mmoja. Lilinaswa katika ajali kubwa ya mwanzo wa mbio. Baadaye kampuni yenyewe ikarudi kwa muda kwenye injini ya mbele, kwa gari la Cooper-Bristol ambalo Mike Hawthorn alijipatia jina nalo mwaka 1952.

Mwaka 1955 alifika Jack Brabham kutoka Australia, dereva aliyejua kushika spana. Alikuta gereji yenye mchoraji mwenye ndevu, Owen Maddock, aliyechora fremu za mabomba yaliyopinda wakati vitabu vyote vya uhandisi vilitaka mabomba yanyooke. Giaboksi ilitokana na ya Citroën, gari la familia, ikageuzwa ili ikae nyuma. Injini ilitoka Coventry Climax, kampuni iliyojulikana kwa pampu za kuzimia moto na magari ya kunyanyulia mizigo. Fundi yeyote aliyewahi kufanya kazi Wadi Kabir ya Muscat au Gerezani ya Dar es Salaam ataielewa akili ya watu hawa: spea ya gari hili inaingia katika gari lile, ukijua pa kukata na pa kuchomelea.

Faida yake ilikuwa hii. Gari la injini ya mbele hupeleka nguvu nyuma kwa shafti ndefu inayopita chini ya kiti, kwa hiyo dereva hukaa juu yake, na gari zima huwa refu na la kimo. Ondoa shafti hiyo, dereva anashuka karibu na ardhi, kifua cha gari kinapungua, upepo unapata pa kupita. Uzito unalalia magurudumu yanayosukuma. Gari jepesi nalo hula petroli kidogo na halimalizi tairi. Mwaka 1958 kanuni zilipofupisha mbio na kuwalazimisha wote watumie petroli ya ndege badala ya mafuta ya alkoholi, udogo ukawa neema.

Tarehe 19 Januari 1958, Buenos Aires, ndipo dunia ilipoona. Moss aliendesha Cooper T43 ya timu binafsi ya Rob Walker. Injini yake haikufika lita mbili. Ferrari walikuwa na lita 2.4. Magurudumu ya Cooper yalifungwa kwa nati nne kila moja, tofauti na ya wapinzani yaliyofunguka kwa kugonga nati moja ya katikati. Kubadili tairi kungemla Moss muda wote aliouchuma, na kila mtu uwanjani alilijua hilo. Mafundi wa Walker wakatoka nje na tairi mpya, wakajipanga kana kwamba wanamngoja. Ferrari wakatulia, wakisubiri asimame. Hakusimama. Alizunguka hadi mwisho, mpira ukalika mpaka nyuzi zikaonekana, akishika sehemu zenye oili ili tairi zisipate moto. Luigi Musso wa Ferrari alishtuka kumekucha, akafika sekunde 2.7 nyuma yake. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa injini ya nyuma katika historia ya ubingwa wa dunia. Miezi minne baadaye Maurice Trintignant akashinda Monaco kwa Cooper ya timu hiyo hiyo, na aliyedhani Buenos Aires ilikuwa bahati akakosa la kusema.

Brabham akatwaa ubingwa 1959, akautwaa tena 1960 kwa kushinda mbio tano mfululizo. Ule wa kwanza aliupata Sebring, Marekani, tarehe 12 Desemba 1959, petroli ikiwa imemwishia katika mzunguko wa mwisho. Alishuka, akalisukuma gari mamia ya mita hadi mstarini, akashika nafasi ya nne. Mbele yake alishinda kijana wa Cooper vilevile, Bruce McLaren wa New Zealand, mwenye miaka 22, na rekodi yake ya ushindi katika umri mdogo ilidumu hadi 2003. Mwaka 1961 Brabham akaipeleka Cooper Indianapolis, katikati ya magari makubwa ya Kimarekani ya injini za mbele, akamaliza wa tisa. Ndani ya miaka michache Wamarekani nao wakawa wamehamisha injini zao. Ferrari hawakungoja hata hivyo: ubingwa wa 1961 waliuchukua kwa gari la injini ya nyuma.

Cooper iliposhuka, ilishuka upesi. Brabham aliondoka kuunda magari yake mwenyewe. Lotus ilikuja na bodi ya kipande kimoja mwaka 1962, Surbiton wakabaki na mabomba yao. John aliumia vibaya mwaka 1963 katika ajali ya Mini ya majaribio iliyofungwa injini mbili. Charles akafariki mwaka uliofuata, na mwaka 1965 timu ikauzwa. McLaren naye akaenda zake, na jina lake ndilo hilo tunalolishangilia mpaka leo.

Ushindi wa mwisho wa Cooper ulipatikana Afrika, na kwangu mimi hiyo ndiyo sura nzito kuliko zote. Tarehe 2 Januari 1967, uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. John Love, mzaliwa wa Bulawayo, Rhodesia, mwenye umri wa miaka 42, aliingia na Cooper T79 iliyokwisha tumika, ya injini ya Climax ya silinda nne, lita 2.7, dhidi ya timu za Ulaya zenye injini mpya za lita tatu. Joto na ubovu vikawatoa wakubwa mmoja mmoja, na ikiwa imebaki mizunguko kama 20 kati ya 80, aliyeongoza alikuwa Love. Aliongoza hadi mizunguko saba ya mwisho, akalazimika kuingia kuongeza petroli. Pedro Rodríguez wa Mexico akampita kwa Cooper-Maserati ya kiwanda, akashinda. Love alifika wa pili, sekunde 26.4 nyuma. Hakuna dereva wa Rhodesia aliyewahi kuukaribia ushindi wa Grand Prix kiasi kile.

Siwezi kulisimulia hilo bila kusema kwamba Kyalami ya 1967 ilikuwa ya makaburu, Rhodesia ilikuwa mikononi mwa Ian Smith, na Mwafrika mweusi hakuwa na mlango wa kuingia katika mchezo ule isipokuwa kama mtazamaji aliyetengwa. Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine: Safari Rally, iliyoanza 1953, ndiyo iliyotupa mashujaa, na Joginder Singh alipoishinda 1965 na nduguye Jaswant katika Volvo, alikuwa ni fundi wa Kenya aliyewashinda wenye viwanda. Gari la kiti kimoja likabaki kuwa kitu cha mbali.

Oman imelisogeza karibu. Ahmad Al Harthy wa Muscat alipita katika Formula Renault huko Uingereza kabla ya kuhamia magari ya bodi. Mwaka 2023 alishika nafasi ya pili katika kundi lake Le Mans, na 2024 aliendesha BMW moja na Valentino Rossi. Dereva, basi, tunaye. Gari ndilo bado.

Hapa hapa Al Khuwair kipo chuo cha ufundi kilichoanza 1984, ambacho tangu 2020 ni sehemu ya University of Technology and Applied Sciences. Ombi langu ni kwa walimu wake. Wapeni wanafunzi magari mawili mabovu, injini ya pikipiki, mashine ya kuchomelea na wiki tano. Wasianze na kompyuta. Wasomeeni kwanza habari za Charles, John na Owen Maddock, kisha waacheni wakate chuma.