Usukani wa Boda na Safari ya Kutafuta Mkao

Mtazame mwendesha boda anayepanda mlima wa Namirembe akiwa na abiria wawili mgongoni, na macho yako yatue mikononi mwake. Siti ilitengenezwa kwa watu wawili, waliokaa ni watatu, na wa kusogea ni yeye. Amesukumwa mbele hadi mapaja yanabana tenki. Viwiko vimetoka nje, mabega yamepanda, na usukani uliopimwa kiwandani kwa mtu aliyekaa kwa nafasi sasa unakaribia kugusa tumbo lake. Atakwenda hivyo hadi Rubaga, na akiwashusha hao atapakia wengine.

Mkao huo haumo katika mchoro wa mhandisi yeyote. Umezaliwa barabarani, na ili waumudu, waendesha boda wa Kampala wamekuwa wakifungua vibano vya usukani, wakiuzungusha, wakiuinua, pengine wakiung'oa na kufunga mwingine. Ni kazi ya dakika chache kando ya steji. Historia ya bodaboda husimuliwa kwa bei za pikipiki, kwa ajali na kwa siasa za vyama vyao, huku chombo ambacho dereva hukishika tangu alfajiri hadi usiku kikiachwa nje ya hadithi. Ni upungufu mkubwa, kwa sababu ukiufuata usukani unaona wazi jinsi jiji hili lilivyozipokea mashine zilizobuniwa kwa ajili ya watu wengine na kuzilazimisha zifanye kazi yake.

Yote yalianza na baiskeli. Katika miaka ya 1960 na 1970, mpakani Busia, vituo vya forodha vya Kenya na Uganda vilitenganishwa na kipande cha barabara ambacho msafiri asiye na gari lenye vibali alilazimika kukivuka kwa miguu, mzigo kichwani. Vijana wa mpakani wakaiona riziki. Wakafunga mto juu ya keria ya nyuma, wakawa wanavusha watu kutoka boda hadi boda, na jina likawaganda. Uchumi wa Uganda ulipoporomoka baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, baiskeli hizohizo ziliingia kwenye magendo: kahawa ikitoka, bidhaa za dukani zikiingia.

Zilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, za umbo lililoenezwa na kiwanda cha Raleigh cha Nottingham na kuigwa na viwanda vya India na China. Usukani wake ulipinda kurudi nyuma kumfuata mpanda, hivyo mtu alikaa wima, mgongo umenyooka, mikono imetulia. Kwa mwili wa binadamu huo ni mkao mzuri sana. Tatizo lilikuwa breki, ambazo zilivutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Aliyetaka kuinua usukani ilimbidi arekebishe na fito, la sivyo breki ing'ang'anie gurudumu au isishike kabisa. Wengi waliuacha usukani palepale ulipokuwa, wakajifunza hila nyingine: abiria akiwa mzito na njia ikiwa ya kupanda, unainamia mbele na kuukandamiza usukani ili gurudumu la mbele lisiwe jepesi likayumba.

Kampala ni mji wa vilima, na vilima havikuihurumia baiskeli ya abiria. Mtu angeweza kumbeba mwenzake kwenye tambarare za Busia siku nzima, lakini si kupanda Kololo, Mengo na Makerere kwa zamu. Pikipiki ndiyo iliyoleta jibu katika miaka ya 1990. Vita vya msituni vilikuwa vimekwisha, uagizaji wa bidhaa ulikuwa umefunguliwa, na mpango wa kurekebisha uchumi ulikuwa ukiwaacha maelfu ya watumishi wa serikali bila kazi, huku maelfu ya wanajeshi wakirudishwa uraiani kuanzia 1992. Waliokuwa na kiinua mgongo au ndugu mwenye fedha walitafuta kitu kitakacholeta pesa kila jioni.

Pikipiki za mwanzo zilikuwa ndogo na nyepesi, nyingi za Kijapani. Mama wa ukoo huo wa pikipiki ndogo ni Honda Super Cub, iliyotoka mwaka 1958 na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100 duniani. Soichiro Honda alitaka iendeshwe hata kwa mkono mmoja, ili kijana wa hoteli apeleke tambi kwa wateja huku mkono wa pili umeshika sinia. Ndiyo sababu haina klachi ya kukamua. Na usukani wake umefungwa ndani ya kava pamoja na taa, kipande kimoja, bila nafasi ya kuuzungusha. Kijana wa Tokyo hakuwa na haja ya zaidi ya hapo. Mwendesha boda aliyepakia mama mwenye mtoto na kikapu cha matoke alibaki na chaguo moja tu, kuukunja mwili wake mwenyewe.

Mambo yalibadilika pikipiki za India zilipolijaza jiji katika miaka ya 2000. Bajaj Boxer, mashine ya kampuni ya Bajaj Auto ya Pune iliyozaliwa kwa ufundi wa Kawasaki, ndiyo iliyotawala, ikifuatwa na TVS. Husifiwa kwa vipuri rahisi, mafuta kidogo na siti ndefu, na sifa hizo zina haki. Lakini ilileta jambo jingine ambalo halisemwi sana. Usukani wake ni bomba la chuma la unene wa milimita 22 hivi, limelazwa juu ya foki na kushikwa na vibano viwili vyenye boliti. Legeza boliti hizo na bomba linazunguka. Kwa mara ya kwanza dereva wa kawaida wa Kampala alikuwa na chombo kinachoweza kumfuata yeye.

Kazi yenyewe ina utaratibu, na fundi mzuri haruki hatua. Kwanza dereva anapanda na kukaa pale anapokaa akiwa kazini, yaani mbele, karibu na tenki, wala si pale kiwanda kilipotaka akae. Anafumba macho, ananyoosha mikono mpaka iwe na mkunjo mdogo kwenye viwiko, na mahali viganja vinapoangukia ndipo vishikio vinapotakiwa kuwa. Fundi analegeza vibano kidogo tu na kulizungusha bomba. Likielekea nyuma, mikono ya dereva aliyebanwa na abiria inakosa pa kwenda. Kwa hiyo madereva wengi wa boda huhitaji usukani uliosogea mbele na juu, kinyume cha mwendesha pikipiki anayesafiri peke yake. Baada ya hapo zinageuzwa breki na klachi, kwa sababu zilizunguka pamoja na bomba. Kiganja, kifundo cha mkono na kigasha viwe kwenye mstari mmoja vidole vinapogusa breki.

Kisha linakuja jaribio ambalo mafundi wa haraka huliacha. Injini inawashwa iungurume taratibu, na usukani unakatwa hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, maana yake waya wa mafuta umekuwa mfupi kwa mkao mpya na unavutwa usukani unapokatwa. Dereva anayekata kona ya kurudi katikati ya msongamano wa Old Taxi Park, pikipiki ikaongeza mwendo bila yeye kutaka, anaweza kumgonga mtu. Waya wa klachi na wa breki ya mbele hupimwa vilevile. Boxer za breki ya waya zilirahisisha jambo hili, kwani hazina mrija wa mafuta ya breki wa kurefusha.

Wengine huenda mbali zaidi. Huweka vipande vya chuma chini ya vibano ili usukani upande juu, au hununua usukani mrefu wa aina nyingine, au humpelekea fundi wa kuchomelea ule wa zamani aukunje upya. La mwisho hilo lisifanywe kamwe. Bomba lililopashwa moto na kukunjwa hupoteza nguvu pale lilipokunjwa, na hukatika siku likiwa na mzigo mkubwa. Mtaa wa Katwe una mafundi wa chuma wenye sifa iliyovuka mipaka ya Uganda, na keria na vizuizi vya miguu vinavyochomelewa jijini hudumu kuliko vya kiwandani, lakini usukani haumo katika vitu vya kuchomelea.

Viwanda navyo vilijua zamani kwamba usukani mmoja hautoshi dunia nzima. Triumph ya Uingereza ilipoanza kuuza Bonneville mwaka 1959, mashine ileile ilipelekwa Marekani ikiwa na usukani mpana na mrefu kwa barabara ndefu zilizonyooka, huku Waingereza wakipewa wa chini. Mnunuzi wa California aliulizwa mwili wake unataka nini. Pikipiki za kazi zilizoletwa Afrika Mashariki zilipewa keria nzito, siti ndefu na shokapu ngumu, na ni sawa. Usukani uliachwa ulivyo.

Gharama ya kuuacha ulivyo huonekana polepole. Mkono uliopinda kwenye kifundo kwa saa kumi huubana mshipa wa fahamu unaopita hapo, na mtetemo wa injini ya silinda moja huongeza ganzi vidoleni. Mabega yaliyopanda huishia kwenye maumivu ya shingo. Abiria aliyevaa gomesi, gauni refu la wanawake, hukaa upande, miguu yote kushoto, na dereva hulazimika kusahihisha mizani kwa kuusukuma usukani upande mmoja safari nzima. Mwisho wa siku si faraja tu iliyopotea. Vidole vyenye ganzi huchelewa kukamua breki. Utafiti uliofanywa Hospitali ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba majeruhi wa boda walikuwa wakimeza zaidi ya asilimia 60 ya bajeti ya idara ya upasuaji. Hakuna anayeweza kusema ngapi kati ya ajali hizo zilianzia kwenye mkono uliochoka, lakini ni vigumu kuamini kwamba hazikuwapo.

Kwa nini basi si kila boda imerekebishwa? Sehemu ya jibu iko kwenye umiliki. Kwa miaka mingi madereva wengi waliendesha pikipiki za watu wengine, wakimpelekea bosi kiasi kilichokubaliwa kila siku. Anayejua kwamba kesho pikipiki inaweza kupewa mwenzake mrefu au mfupi kuliko yeye hana sababu ya kuupima usukani kwa mikono yake, na bosi akikuta boliti zimefunguliwa huuliza kuna nini. Mikopo ya kumilikisha, ambayo kampuni ya Tugende iliisukuma sana jijini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilibadilisha hesabu hiyo. Dereva anayelipa kila wiki ili mashine iwe yake huanza kuitendea kama yake. Siti inashonwa upya, tenki linavishwa ngozi, na vishikio vinafungiwa mifuko minene ya kuzuia baridi na mvua.

Simu nayo ikapanda juu ya usukani. SafeBoda, kampuni ya kuita boda kwa simu, ilipoanza mwaka 2014, watu waliona zaidi kofia ngumu za rangi ya machungwa, na walikuwa na haki, kwa kuwa kofia ya abiria ilikuwa adimu. Uber na kampuni ya Taxify, ambayo sasa ni Bolt, zikaingia kwenye boda za Kampala mwaka 2018. Pamoja nazo kikaja kishikio cha simu, na usukani ukawa pia meza ya ofisi: hapo ramani, hapo oda, hapo nauli. Ukiwekwa chini sana, dereva huinamisha kichwa kila anaposoma, na barabara inabaki bila macho. Kuuinua kidogo kunapandisha na skrini, na dereva anabaki akitazama mbele.

Pikipiki za umeme zimefungua ukurasa mwingine. Kampuni ya Zembo ilianza kazi Kampala mwaka 2018, na Bodawerk, ambayo baadaye ilijiita Gogo, nayo ikawa ikiunganisha za kwake humohumo jijini. Hazina klachi. Mkono wa kushoto, uliokuwa ukikamua na kuachia bila kukoma kwenye foleni ya Jinja Road, umepumzishwa, na waya wa klachi, uliokuwa mojawapo ya vizuizi vya kuuinua usukani, umeondoka. Mtetemo wa injini nao haupo. Na kwa kuwa zinaunganishwa hapahapa, anayechagua usukani ni mtu anayeweza kutoka nje ya karakana na kumuuliza anayeutumia.

Ufundi wa kutengeneza usukani unaosogezwa upo. Bajaj Auto ilinunua hisa katika KTM ya Austria mwaka 2007 na kuichukua mikononi mwake mwaka 2025. Baadhi ya pikipiki za KTM za safari ndefu hutoka kiwandani na vibano vyenye matundu kadhaa, ili mwenyewe ausogeze usukani mbele au nyuma kwa kuhamisha boliti. Anayenunua mashine hiyo huipanda wikendi na likizo. Boxer hutoka kila asubuhi, na bado vibano vyake vina nafasi moja tu.