Daftari la Mgao Liko kwa Nani?

Neno letu la leo liko katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 7. Tunawasihi mlisome nyumbani pamoja na jamaa zenu.

Tuanze hapa kwetu Macalder, ama Makalda kama tunavyopaita. Mgodi mkubwa wa shaba ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu ingali yachimbwa kwa mikono. Wengi wetu ni Wajaluo. Hata hivyo, mashimoni wamo pia Wakuria, Wakisii, Waluhya na ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Mtu akiwa chini ya ardhi haulizi kabila la yule aliyeshika kamba juu. Maswali huanza akishatoka, wakati wa kugawana.

Wako wasemao kwamba makabila hayawezi kuchanganyika. Historia ya ziwa letu yawakanusha. Mababu wa Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi walikuwa watu wa lugha za Kibantu, na wengi wao walivuka maji kutoka upande wa Uganda. Walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na vizazi vilivyofuata vikakua vikisema Kijaluo. Basi mpaka wa "sisi" na "wao" si ukuta wa mawe. Waweza kusogea.

Tena jambo hili limechunguzwa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1965 watu 1,500 wa makabila 30 ya Kenya, Uganda na Tanzania, 50 kwa kila kabila, waliulizwa wanavyowaona watu wao na jirani zao. Matokeo yaliandikwa kitabuni mwaka 1976 na wataalamu wawili wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, Marilynn Brewer na Donald Campbell wa Marekani. Waliona kwamba karibu kila kabila lilijihesabu kuwa ndilo aminifu zaidi. Lakini kuwapenda walio wake hakukumfanya mtu lazima awachukie wengine. Mara nyingi jirani wa karibu, mwenye desturi za kufanana, alipendwa kuliko aliye mbali. Mtu aliweza hata kukiri kwamba kabila jingine limeendelea kuliko lake. Kitu kilichokuwa kigumu kumpa mgeni kilikuwa imani ya kumwaminia.

Kumbe chuki yatoka wapi? Yaja pale kitu kinapokuwa haba, watu wakaingiwa na hofu, na wakubwa wakaichochea hofu hiyo kwa faida yao. Tuliyaona mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya zaidi ya 1,100 walipouawa. Wengi walikuwa wamekaa na jirani zao miaka mingi, wamenunua sukari duka moja, watoto wao wamesoma darasa moja. Mtaalamu mwingine, Gordon Allport, alikuwa ameandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakutoshi. Lazima watu wawe na heshima sawa, wafanye kazi moja kwa lengo moja, na wenye mamlaka waliunge mkono jambo hilo.

Sasa turudi Yerusalemu. Kanisa lilikuwa changa, nalo lilikuwa na watu wa lugha mbili. Wenye kusema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia, "Nyamazeni, sisi sote ni wamoja." Wala hawakuwaita wachochezi. Waliita mkutano, wakakiri kwamba kazi ile yahitaji watu wake, wakataka wachaguliwe saba wenye sifa njema. Tazameni majina ya wale saba, tangu Stefano hata Nikolao: yote ni ya Kiyunani. Meza ya mgao iliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule uliolalamika. Hiyo ndiyo imani iliyokuwa ngumu kutolewa, nayo ilitolewa. Neno la Mungu likazidi kuenea.

Ndugu zetu, tusijisifu kwamba kanisani twaimba kwa lugha tatu. Tuulizane: chakula cha msaada kikija, ni nani ashikaye daftari? Karo ya watoto maskini ikigawiwa, orodha yaandikwa na nani, nayo yasomwa mbele ya nani? Mizani ya dhahabu ikipima, mgeni aruhusiwa kuitazama? Mahali ambapo watu wa kabila moja peke yao ndio wahesabuo, watu wa makabila mengine watanung'unika, hata kama hesabu ni ya haki. Juma hili, kila kamati ya kanisa na itazame majina yake, na palipo na pengo impe kazi yule ambaye haijamwamini bado.

Tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa watu wetu uliotupa. Utufundishe kuwapenda bila kuwanyima wengine haki yao. Uwape wakubwa wetu moyo wa kusikia manung'uniko, nasi utupe moyo wa kuaminiana. Katika jina la Yesu. Amina.